Saa 20 za F-1 na mechi za hoki za Ijumaa na Jumamosi

Kutoka: Kijana wa Mwanza (Minnesota)
10 Februari 2025

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu poleni na baridi.

Nimeitwa na DSO (afisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni) leo asubuhi. Niko F-1, ile viza ya mwanafunzi inayoruhusu kazi za chuoni saa 20 tu kwa wiki masomo yakiendelea, mwaka wa pili. Jumatatu hadi Alhamisi nafanya kazi maktaba, na tangu msimu wa hoki ulipoanza Oktoba nafanya pia kwenye uwanja wa barafu wa chuo: nakagua tiketi mlangoni, wakati wa mapumziko nauza bisi, mechi ikiisha nafagia majukwaa. Wanaofuatilia hoki ya vyuo wanajua, timu ikiwa nyumbani inacheza mara mbili mfululizo na wageni walewale, Ijumaa na Jumamosi, na wikiendi inayofuata mara nyingi iko ugenini.

Uwanjani wiki ya malipo inaanza Jumamosi na kuisha Ijumaa. Kwa hiyo mechi zile mbili zinaangukia wiki mbili tofauti, na nikijumlisha na maktaba sijawahi kupita saa 20. Sasa ofisi ya wanafunzi wa kigeni inasema yenyewe inahesabu Jumapili hadi Jumamosi, na kwa hesabu hiyo kila timu ikiwa nyumbani nimepita. Wanataka maelezo kwa maandishi kabla ya Ijumaa, na neno SEVIS, ule mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, limetajwa.

Swali langu ni moja tu: kisheria wiki inaanza siku gani? Naharakisha kwa sababu Machi kuna mchujo, na kila timu ikishinda moja kunakuwa na mechi ya tatu Jumapili.

---

Kutoka: Mama Rehema (Bangor, Maine)
10 Februari 2025

Marahaba mwanangu, usilie. Mimi nilipokuwa F-1 nilifanya kazi jikoni kwenye bweni na hawakunihesabia wiki mojamoja, walichukua hundi ya wiki mbili wakagawanya. Ukiwa na 24 wiki hii na 15 ijayo, mambo yamekwisha.

Umenifurahisha kusikia uko uwanjani. Hapa kwetu ni Black Bears, timu ya Chuo Kikuu cha Maine, Orono ni mwendo mfupi tu kutoka kwangu. Alfond Arena inaingiza watu kama 5,000 na tiketi ni vita. Wanafunzi wanapanga foleni nje kwenye theluji mchana wakati mechi ni saa moja usiku. Mwaka wa kwanza nilidhani wanagawiwa chakula.

---

Kutoka: Mzee wa Fomu (Houston)
11 Februari 2025

Mama Rehema, kwa heshima zote, tafadhali usimpotoshe mtoto. HAKUNA wastani wa wiki mbili. Kanuni ni saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na kazi zote za chuoni zinajumlishwa pamoja. 24 ni 24 hata kama wiki iliyofuata ulilala. Likizoni ndiyo unaruhusiwa muda wote, kama unakusudia kujiandikisha kwa muhula unaofuata.

Na wewe kijana, kabla ya siku ya wiki kuna swali kubwa zaidi ambalo hujaulizwa: uwanja ni wa nani? Miji mingine uwanja ni wa manispaa na chuo kimepanga. Kibanda cha bisi je, anayekulipa ni chuo au ni kampuni ya chakula? Kama ni kampuni, na haihudumii wanafunzi moja kwa moja, hiyo inaweza isiwe kazi ya chuoni kabisa, na hapo saa 20 au saa mbili ni kitu kilekile. Angalia jina la mwajiri kwenye W-2 yako, ile karatasi ya mshahara wa mwaka.

Na usije ukafarijiwa na mtu kwamba ukipoteza hadhi ya F-1 utaomba kurejeshwa kwa fomu ya I-539. Anayerejeshwa ni yule ambaye hakufanya kazi bila ruhusa.

---

Kutoka: Kijana wa Mwanza
11 Februari 2025

Mzee, sasa umeniongezea. W-2 ya maktaba na ya uwanjani jina ni la chuo. Ya bisi sijui, nadhani zinaingia pamoja. Lakini wiki inaanza lini?

---

Kutoka: Omosh (Brooklyn Park, Minnesota)
11 Februari 2025

Kijana, huyu Mzee wa Houston atakufanya upakie sanduku usiku huu. Pumua kwanza. Nenda kwa msimamizi wako uwanjani, mwombe karatasi za saa zako za kuingia na kutoka, siku kwa siku, tangu Oktoba. Si jumla, ni siku kwa siku. Kisha kaa na DSO mzihesabu pamoja. Wiki za Krismasi chuo kikiwa kimefungwa zitoe kabisa, hizo hazina kikomo cha 20.

Halafu kuna kitu nimewaza. Baadhi ya wale vijana unaowafagilia uwanja wako F-1 kama wewe! Wakanada, Waswidi, Wafini, wote wana I-20 (hati ya chuo ya F-1) na DSO wao. Tofauti ni kwamba wao jasho lao halihesabiwi kazi. Kuanzia Agosti watakuja wengi zaidi, maana NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, iliamua Novemba kuwafungulia mlango wachezaji wa CHL, ligi ya vijana ya Kanada, waliokuwa wamezuiwa miaka yote.

Mimi hoki niliijua nikiwa Nairobi, msicheke. Hoteli ya Panari pale Mombasa Road kuna barafu tangu 2005, kadogo kuliko uwanja wa kawaida, na ndiko Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, wanafanyia mazoezi. 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa hoki. Sasa niko hapa penye barafu kila kona na sijawahi kuvaa viatu vyake. Magoti yamekataa.

---

Kutoka: Baba Furaha (Lewiston, Maine)
12 Februari 2025

Bandugu jambo yenu. Miye ni mu Lewiston, kwetu ni Bukavu. Ile hockey imeingia batoto yangu mu kichwa, banataka twende Orono kila wikiendi. Miye naona bantu banapigana juu ya kitu kidogo nyeusi, siione vizuri, lakini bakilalamika na miye nalalamika. Banasema huku mu chuo ukipigana unatoka na mechi ingine hauchezi. Ni vizuri. Kwetu mu mpira ingekuwa hivyo tungebakia na golikipa peke yake.

Kijana, kwa ile ya DSO miye sijue, siye tulikuja refugee, hatuna F-1. Lakini karatasi yote wanakupa, piga picha.

---

Kutoka: Dada Asha (Columbus)
12 Februari 2025

Baba Furaha umenichekesha kazini. Mwenzenu nilikuwa CPT, ile kazi ya mafunzo ya F-1, na ofisi ilichelewesha I-20 yangu mpaka mwajiri akaniambia nisije. Nilikaa ndani wiki nzima natazama dirisha. Ndipo utakapokumbuka nyumbani, pale mtaani ungekuwa umeshaketi barazani na watu wanakuuliza una nini.

Ndiyo maana nasema kila siku, tungepata uraia pacha tusingebabaishwa hivi. Wakenya tangu Katiba ya 2010 wanao. Sisi Watanzania tunaambiwa hadhi maalumu.

---

Kutoka: Mzee wa Fomu (Houston)
12 Februari 2025

Uraia pacha na F-1 vinahusiana vipi? Mwanafunzi wa F-1 hana uraia hata mmoja wa Marekani wa kuufanya pacha. Tusichanganye mada.

---

Kutoka: Dada Asha
12 Februari 2025

Nilikuwa nazungumzia hisia, mzee wangu.

---

Kutoka: Omosh
13 Februari 2025

Katiba ya 2010 ndiyo, lakini jaribu kwenda kuchukua hicho cheti cha uraia pacha halafu uje utuambie umekaa foleni kiasi gani. Msituonee wivu bure.

---

Kutoka: Msimamizi
13 Februari 2025

Wapendwa, tumeshaonywa kuhusu siasa. Aliye na jibu kuhusu wiki ya malipo amjibu kijana. Wengine barua pepe binafsi.

---

Kutoka: Mama Rehema (Bangor)
22 Machi 2025

Jamani!!! Jana usiku TD Garden, Black Bears wametwaa ubingwa wa ligi yetu, Hockey East! Tumeifunga Connecticut. Mara ya mwisho ilikuwa 2004, mwanangu mkubwa alikuwa hajazaliwa. Nilikuwa zamu ya usiku, nikaitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kikombe, na mgonjwa wangu mmoja, mzee wa Maine kindakindaki, akaniambia nisogeze kiti. Ananisimulia 1993, timu ya Paul Kariya, msimu mzima walipoteza mechi moja tu. Tukawa tunapiga makofi kwa vidole ili nesi mkuu asisikie.

Kijana wa Mwanza, kwanza yale yako yaliishaje?

---

Kutoka: Kijana wa Mwanza
23 Machi 2025

Hongera mama. Niliandika maelezo, nikaambatanisha karatasi za siku kwa siku kama alivyosema kaka Omosh. DSO alisema atawasiliana na idara ya malipo. Idara ya malipo wanasema wanasubiri DSO. Msimamizi wa uwanjani amenipunguzia, sasa nafanya Ijumaa tu. Mechi za mchujo nilikata tiketi kama shabiki, nikakaa na wanafunzi wenzangu. Tulitolewa Jumamosi, kwa hiyo ile ya Jumapili haikuwepo na swali lake likabaki hewani.

---

Kutoka: Baba Furaha (Lewiston)
29 Machi 2025

Mama Rehema, mu mchujo ya taifa, Penn State 5, siye Maine 1. Batoto hawakukula.

---

Kutoka: Mama Rehema
29 Machi 2025

Sizungumzi leo.

---

Kutoka: Shemeji wa Kalamazoo (Michigan)
13 Aprili 2025

Huwa nasoma tu humu ndani lakini leo lazima niseme. WESTERN MICHIGAN MABINGWA WA TAIFA. Jana St. Louis, 6–2 dhidi ya Boston University. Mara ya kwanza kabisa! Na Alhamisi tuliwatoa Denver, waliokuwa wanashikilia kombe, 3–2 katika muda wa nyongeza wa pili. Mnajua muda wa nyongeza wa mchujo hauamuliwi kwa mikwaju ya penalti? Ni dakika 20, kisha 20 nyingine, mpaka mtu afunge. Mke wangu alisali rozari nzima, na sisi ni Walutheri.

Timu haina jina kubwa, watu wa Minnesota walikuwa wanatuita kituo cha mafuta njiani kwenda Chicago. Kaka Omosh, vipi?

---

Kutoka: Omosh (Brooklyn Park)
13 Aprili 2025

Hongera shemeji, furahini, kombe ni lenu mwaka mmoja. Mimi nina wasiwasi mwingine. Mmesikia hizi habari za rekodi za SEVIS kusitishwa wiki hizi, hata vyuo vyenyewe havikuambiwa, wanagundua wakifungua mfumo? Hapa Minnesota imewakuta wanafunzi pia. Kijana, umeangalia yako?

---

Kutoka: Kijana wa Mwanza
13 Aprili 2025

Naomba DSO aniangalizie kila Jumatatu. Mpaka juzi ilikuwa hai. Sasa hivi siendi hata kwa Ijumaa, nimebaki maktaba, msimu wenyewe umeisha. Ila Oktoba wananitaka tena, na ratiba mpya itatoka karibuni. Kwa hiyo narudia, samahani kwa usumbufu: wiki ni Jumapili hadi Jumamosi, au ni ile ya anayekulipa?

---

Kutoka: Dada Asha (Columbus)
14 Aprili 2025

Mimi naona ya anayekulipa. Rafiki yangu wa Indiana walimhesabia Jumatatu hadi Jumapili.

---

Kutoka: Mzee wa Fomu (Houston)
14 Aprili 2025

"Naona" na "rafiki yangu" si kanuni. Kijana, kesho ni tarehe 15, mwisho wa kutuma fomu za kodi. Ulilipwa mshahara mwaka jana, kwa hiyo ni 1040-NR pamoja na 8843, na si 1040 ya kawaida kama walivyojaza wenzako kwa ile programu ya bure. Umeshatuma?

---

Kutoka: Kijana wa Mwanza
14 Aprili 2025

8843 ndiyo ipi?