Vipimo 200 vya moyo kutoka kwa watu 40: kwa nini msimamizi anaikataa p yangu?

Muulizaji
Wadau, habari zenu. Nafanya utafiti wa saikolojia: washiriki 40, kila mmoja kapimwa mara 5, dodoso la msongo wa mawazo pamoja na dakika 5 za kurekodi moyo. Nikichora RMSSD (kipimo cha jinsi muda kati ya pigo na pigo la moyo unavyobadilika, kwa milisekunde) dhidi ya msongo, nukta zote 200 zinateremka vizuri, p (uwezekano wa kuona mteremko kama huu kwa bahati tu, kama hakuna uhusiano) chini ya 0.001. Msimamizi kakataa, eti sijapima watu 200. Tatizo liko wapi?

Takwimu_Moyo
Msimamizi yuko sahihi, na usilipite hili haraka. Mmoja ana RMSSD ya 20, mwingine 60, wote wazima wa afya. Umri na mazoezi vimeshawatofautisha kabla hujawauliza lolote. Vipimo 5 vya mtu mmoja hufanana kama ndugu. Ukivihesabu kama watu 5, p inashuka bila ushahidi kuongezeka.

Kubwa zaidi ni hili: huenda mteremko wako unasema tu kwamba wenye msongo mwingi ndio wasiofanya mazoezi. Wewe unataka kujua kama mtu yuleyule, siku aliyoelemewa, moyo wake hubadilika. Hayo ni maswali mawili, na majibu yake yanaweza hata kupingana. Tafuta wastani wa msongo wa kila mshiriki, kisha uingize wastani huo na tofauti ya kila siku kutoka kwenye wastani katika modeli mseto, yaani inayojua vipimo vipi ni vya mtu mmoja, kila mtu na kianzio chake. RMSSD ichukulie logi kwanza, maana mkia wake wa kulia ni mrefu: wachache wana thamani kubwa mno.

Fiziolojia
Naongezea upande wa moyo. Moyo ukikatiwa neva zake hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Neva ya vagasi ndiyo huupunguza mwendo tukipumzika, na kazi hiyo hufuata pumzi. Ukivuta, mapigo huharakisha; ukitoa, hupungua. Anayepumua taratibu, mara 6 kwa dakika, huonyesha mawimbi makubwa hata kama msongo wake uko palepale. Ulirekodi pumzi?

Muulizaji
Ndiyo, kwa mkanda wa kifuani. Nimeiingiza. Mteremko kati ya watu umebaki. Ndani ya mtu uko karibu na sifuri. Nijaribu kipimo kingine badala ya RMSSD?

Takwimu_Moyo
Hapana, tafadhali. Mwaka 2015 matokeo ya marudio ya tafiti 100 za saikolojia yalichapishwa: tafiti za awali 97% zilikuwa na p ndogo, marudio 36% tu. Kubadili kipimo hadi p ishuke ni njia mojawapo ya kufika huko. Ripoti miteremko yote miwili pamoja na masafa ya uhakika (thamani za mteremko zinazoendana na data yako), na usiandike "hakuna uhusiano": kwa vipimo 5 kwa mtu, masafa yakiwa mapana, athari ndogo bado inawezekana.