Muwasho na harufu kwenye kinena: naombeni ushauri wa haraka

Mtulivu
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 29. Nawashwa kwenye mikunjo ya mapaja, pale yanapokutana na korodani. Mchana najizuia, usiku nashtuka usingizini mkono ukiwa tayari uko huko unakuna. Ngozi imekuwa ya kahawia na ina harufu ambayo haiondoki hata nikioga mara tatu. Kazini nimehamia kiti cha dirishani ili nisikae karibu na mtu. Naombeni sabuni au poda ya kukata harufu. Nina siku tisa tu.

Mzee wa Usukani
Pole kijana. Mimi nimeendesha lori miaka mingi, kiti kinachemka kutwa nzima. Nilioga kama bata na harufu haikutoka. Kumbe kosa langu lilikuwa baada ya kuoga: navaa boksa ngozi ikiwa bado mbichi. Siku hizi nakausha kwa taulo, nakaa dakika chache bila nguo, ndipo navaa. Boksa za pamba, zisizobana. Halafu lori lenyewe walilibadilisha, hilo jipya lina kiyoyozi, lakini injini yake sasa ndiyo balaa lingine.

Mja wa Mungu
Siku tisa za nini? Vijana mnatoka huku na huku, mkirudi na majanga mnaita fangasi. Tulia na mmoja, mwili utatulia.

Nesi Mstaafu
Mja, fangasi ya kinena humpata hata asiyemjua mwanamke. Tusimtie mwenzetu aibu, ndiyo inayowafanya wajifiche mpaka ngozi iharibike.
Mtulivu, nijibu haya. Upele una ukingo ulioinuka, katikati pametulia? Ngozi ya korodani yenyewe imeguswa? Kati ya vidole vya miguu pakoje? Unatokwa na usaha au una kidonda? Na umepaka dawa gani mpaka sasa?

Mtulivu
Asante mama. Usaha hakuna, kidonda hakuna. Korodani ziko sawa. Ukingo ulikuwepo mwanzoni, sasa hauonekani vizuri. Dawa sijatumia kitu cha maana. Mniambie tu sabuni.

Nesi Mstaafu
"Kitu cha maana" ndiyo nini? Ukingo wa fangasi haufutiki wenyewe huku muwasho ukiendelea. Kuna kitu unapaka. Soma maandishi madogo kwenye tyubu uniandikie.

Mtulivu
Sawa. Ni krimu aliyoniachia kaka yangu. Imeandikwa betamethasoni, gentamisini na klotrimazoli. Huu ni mwezi wa nne napaka. Lakini mama, inafanya kazi! Nikipaka jioni, asubuhi muwasho umekwisha. Nikiacha siku mbili ndipo unarudi, tena mpana zaidi. Nafunga ndoa baada ya siku tisa, nimeshanunua tyubu mbili nyingine za kunivusha fungate. Nikirudi nitaona daktari. Ndiyo maana nauliza sabuni, dawa ninayo.

Chapakazi
Mkuu, fungate unaingia na tyubu mbili? Bibi harusi atajua ni zawadi yake 😂

Nesi Mstaafu
Sicheki. Hiyo betamethasoni ni steroidi. Inanyamazisha kinga ya ngozi, wekundu na muwasho vinatulia, wewe unaona umepona. Fangasi yenyewe inabaki pale inatambaa kwa raha, maana mlinzi umemlaza. Klotrimazoli iliyomo ndani mara nyingi haitoshi kufuta madhara hayo. Ndiyo maana kila ukiacha inarudi pana zaidi, na ndiyo maana ukingo umepotea. Na mapajani ngozi ni nyembamba, imekunjana, inaifyonza dawa kuliko mgongo au mkono. Miezi minne hapo ni mingi mno.

Jicho Kavu
Wadau, hii ni chai. Akaunti ina siku mbili. Ndoa siku tisa, kaka mwenye krimu, nesi anatokea na maswali yamepangwa. Mwezi uliopita tulilizwa na uzi wa vidonda vya tumbo hivi hivi, mwishowe ikaja namba ya mtu wa mafuta ya miujiza. Nasubiri jina la bidhaa.

Chapakazi
Hata mimi nimeanza kunusa. Mtu anakimbilia poda wakati nyumba inaungua?

Mzee wa Usukani
Mtu mwenye aibu anafungua akaunti mpya, ungetaka aandike kwa jina lake? Mimi nilikaa mwaka sijamwambia hata mke wangu, naye ndiye aliyekuwa akifua hizo boksa.

Mtulivu
Jicho Kavu, sina cha kuuza. Tyubu iko hapa mezani, nimeikunja kutoka chini mpaka shingoni kama ya dawa ya meno. Jambo ambalo sijalisema: kwa ndani ya paja la kulia kuna mistari minne myekundu, imebonyea, kama ngozi imepasuka kwa chini bila kutoa damu. Nikipitisha kidole nasikia bonde. Nilidhani nimenenepa.

Nesi Mstaafu
Jicho, nakuelewa, lakini mistari hiyo ndiyo alama ya steroidi. Muuza mafuta angetaja upele tu.
Mtulivu mwanangu, mistari itapauka ila haitafutika yote. Usiiongeze. Nenda kwa daktari wa ngozi kesho, na tyubu mkononi. Akwangue ngozi kidogo iangaliwe kwa hadubini. Ukahawia na harufu vinanifanya niwaze pia eritrasma, ambayo ni bakteria, si fangasi. Chini ya taa maalumu hung'aa rangi nyekundu ya matumbawe, na tiba yake huenda ikawa antibiotiki. Ikiwa ni fangasi, klotrimazoli tupu hupakwa mara mbili kwa siku, na unaendelea wiki mbili baada ya upele kwisha. Baada ya steroidi ya muda mrefu, daktari anaweza kuona unahitaji vidonge. Upimwe na sukari. Ukiacha hiyo krimu muwasho utapanda siku kadhaa, ndiyo maana nataka uwe mikononi mwake. Sabuni kali na dawa ya kuulia vijidudu usiguse.

Mtulivu
Na mchumba je? Nikimwambia sasa atafikiri mambo ya Mja.

Nesi Mstaafu
Akiambukizwa bila kujua atafikiri hayo hayo, na hapo hutakuwa na la kujitetea. Mwambie ni fangasi ya ngozi, inatibika, na kila mmoja awe na taulo lake. Na swali langu la miguu umeliruka mara ya pili.

Mtulivu
Nimeliruka kwa sababu niliona halihusiani.

Nesi Mstaafu
Linahusiana. Fangasi ya miguu hupandishwa na boksa unapoipitisha miguuni. Ndiyo maana tunasema vaa soksi kwanza, boksa baadaye.

Mtulivu
Nimevua soksi sasa hivi. Kati ya kidole cha nne na cha tano, miguu yote miwili, ngozi imevimba maji, nyeupe, inachunika. Harufu ni ile ile.