Mida au Sabaki katikati ya Aprili?

Nahodha_Mombasa
Jamani, nina siku moja tu mwezi wa Aprili. Niende hori la Mida, Watamu, au mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi? Nataka kuwaona vitwitwi, wale ndege wadogo wa matopeni, kabla hawajarudi Siberia. Darubini ninayo.

Binti_Gede
Mida, kaka. Wale waliokuwa wa kijivu Januari, Aprili wameshabadili manyoya, vifua vyekundu vya rangi ya matofali. Ila usifike maji yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope ukaambulia vidoa tu. Simama kwenye ujia wa mbao mikokoni maji yanapoanza kujaa, yatakusogezea ndege karibu. Ada unayolipa pale husaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani.

Mzee_wa_Kaskazi
Mida ni nzuri, ila anayemtaka mla kaa, yule mweupe wa mgongo mweusi na mdomo mnene (Dromas ardeola), aende Februari. Aprili wengi huwa wameanza safari ya kwenda Oman na Ghuba kuzaa. Huchimba shimo mchangani, hutaga humo, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Sijui ndege mwingine wa pwani anayefanya hivyo.

Mwalimu_Malindi
Mimi nasema Sabaki, na sababu ni Aprili yenyewe. Wageni wa kaskazini wanapofunga safari, ndipo wanapoingia ndege wa Madagaska (Glareola ocularis), wenye mabawa marefu, wanaowinda wadudu hewani kama mbayuwayu. Huzaa kwao, kisha hukaa kwetu hadi Septemba hivi. Ukibahatika utawakuta wote siku moja. Buabua nao hujaa kwenye fungu la mchanga. Angalia viboko tu, usitembee peke yako kandokando ya mto.

Nahodha_Mombasa
Shukran, mwalimu. Basi Mida niiache?

Binti_Gede
Usiiache, tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri. Anza Sabaki alfajiri, mchana rudi Watamu, uwahi maji Mida. Siku za maji mafu hayasogei sana, ndege hawasukumwi. Hapo nakubaliana na mwalimu, shinda Sabaki.

Mzee_wa_Kaskazi
Na mvua ya masika ikishika, barabara ya kushukia mtoni huwa tope. Beba viatu vya kulowa.