Mrejesho: eleveta za jeti sasa zinapanda sawa

Wakuu, narudi kuhusu ile jeti yangu ya rimoti. Kwa waliopitwa: nikivuta stiki, eleveta (kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) ya kushoto ilipanda kuliko ya kulia, na sevo yake (mota ndogo inayoisukuma) ilinguruma hata stiki ikiwa katikati.

Aliyesema "menyu ya rimoti baadaye, vyuma kwanza" alilenga penyewe. Nilifuta sabutrimu zote (marekebisho madogo ya katikati ya sevo kwenye menyu), nikaziacha sevo zikae maikrosekunde 1500, yaani katikati, ndipo nikarudisha mikono ya sevo iwe nyuzi 90 na fimbo zinazosukuma eleveta. Mkono wa kulia uligoma, ukawa unalala kidogo kila jino la shafti ya sevo nililojaribu. Dawa: mkono wa pande mbili ugeuze nusu duara. Shafti ina meno 25, namba witiri, kwa hiyo upande wa pili unaangukia nusu jino mbele. Raha tupu! Sabutrimu ikabaki ya kugusia tu.

Na ile ya kushoto kupanda zaidi? Fimbo ya kushoto ilikuwa tundu la nje la mkono. Mwenye jeti wa kwanza ndiye anayejua kwa nini. Mngurumo nao ulikoma nilipoichomoa fimbo, kumbe inakwaruza bodi ya ndege. Nikapasugua kidogo kwa tupa, kimya.

Ekspo (kulainisha mwitikio wa stiki karibu na katikati) nimeweka asilimia 25. Kuna anayeona ni nyingi kwa kuruka mara ya kwanza?