Naomba ushauri: nani mkali wa muda wote wa hip hop ya Bongo?

Wakuu, naombeni ushauri. Kijiweni kwetu, pale kwa kinyozi, tumebishana wiki nzima. Mdogo wangu haambiwi kitu kuhusu Fid Q wa Mwanza. Anasema mistari yake unairudia mara tatu ndipo inakuingia. Mimi nipo na Profesa Jay. Albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya 2001 ilimfanya hata mama, aliyeita rap muziki wa wahuni, aache kuchambua mchele na kuongeza sauti ya redio. Wakongwe wanamtaja Sugu, aliyepambana tangu miaka ya 1990.

Jumamosi nimepewa kazi ya kuamua. Nipime kwa uandishi, mitindo au mchango? Na ni haki kweli kumshindanisha aliyefyeka njia na waliopita baadaye?