Kumshuhudia mteja sokoni bila kumfukuza

Mama_Nafaka: Bwana asifiwe, wapendwa. Mwenye kibanda cha nafaka pale Kibuye, Kisumu, awashuhudieje wateja? Nikiuliza "Umeokoka?" mazungumzo yanafia hapo. Shida ni swali au ni wakati?

Mwalimu_wa_Katekisimu: Yote mawili, mama, ila zaidi ni swali. Huku magharibi mwa Kenya si shamba jipya la injili. Wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi 1902, Wasabato Gendia 1906, na Waanglikana wakaanza Maseno mwaka huohuo. Mteja wako huenda ana kanisa, au nyanya yake alikuwa nalo. Ukimuuliza kama ameokoka, anasikia kwamba kanisa lake si kanisa, basi anajitetea.

Muulize, "Kuna jambo ungependa nikuombee wiki hii?" Akitaja karo au mgonjwa, omba palepale sentensi mbili tatu, kwa sauti ya kawaida, macho wazi kama kuna foleni. Kisha liandike nyuma ya daftari la madeni. Akirudi nawe umesahau kumuulizia mgonjwa wake, heri usingeuliza kabisa.

Ushuhuda wenyewe uandike nyumbani kwanza. Tazama Paulo mbele ya Agripa, Matendo 26: aya 4–11 alivyokuwa, 12–18 alivyokutana na Yesu, 19–23 kilichofuata. Dakika mbili zatosha. Wengi huzimaliza zote kwenye dhambi za zamani, Yesu akatajwa mteja akishabeba mfuko. Futa pia lugha ya kanisani. "Kupakwa mafuta" kwa mtu wa nje ni mafuta ya kujipaka tu.

Gorogoro_Sawa: Kuna jambo wahubiri hulipita: gorogoro yako. Mkebe wa kilo mbili uliobonyea kitako kwa ndani unapunja, na mteja anajua hata akinyamaza, maana nyumbani anapima tena kwa kikombe. Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, inamhusu mwenye mkebe huo. Ugeuze, pitisha kidole kitakoni. Kitako kikiwa kimeingia ndani, kigonge kutoka ndani hadi kisawazike, au nunua mwingine.

1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu "awaulizaye", na mtu huuliza akishaona kitu. Halafu usimshuhudie mtu siku unayomdai. Atakubali kila usemalo, lakini ni deni linalokubali.

Jioni_Njema: Kuhusu wakati: Jumapili Kibuye inafurika, usijaribu. Ngoja siku ya kati ya wiki, jua likipungua, wauzaji wakiwa wamekaa tu. Trakti nazo, vile vikaratasi vya injili, kesho utaziona zimefungia njugu. Afadhali kijitabu cha Injili ya Marko, sura 16, asome moja kwa siku. Cha Kidholuo kama ndicho anachosoma vizuri. Kwenye matanga usihubirie mfiwa. Chota maji, osha sufuria.

Mama_Nafaka: Asanteni sana. Na akikubali kumpokea Yesu, nimlete kwetu?

Mwalimu_wa_Katekisimu: Muulize kwanza anasali wapi. Kama ana kanisa linalofundisha Biblia, mtie moyo arudi huko. Ukimvuta kwenu, mchungaji wake ataita wizi wa kondoo, na hatakuwa amekosea sana. Kama hana, "karibu kanisani" haitoshi. Mwambie ibada inaanza saa ngapi, mpitie kwake, mkae benchi moja. Wengi huishia mlangoni kwa kutojua wakae wapi.