MREJESHO: Hita ya banda la vifaranga inayopunguza umeme yenyewe

Wakuu, niliuliza kwa nini hita ya feni bandani kwangu, hapa Moshi, inavuta wati pungufu kuliko zilizoandikwa. Fundi kaipima, nzima kabisa. Ndani haina waya wa kuwaka mwekundu, ina vipande vya kauri ya bariamu titanati. Vikipata moto kupita kiwango chake, ukinzani (uzuiaji wa umeme) unapanda ghafla, umeme unapungua. Feni ikipuliza vizuri vinapoa, vinavuta tena. Sasa chujio la hewa la hita lilikuwa limezibwa na vumbi la maranda, upepo haupiti! Tumelisafisha, wati zimerudi. Mliosema ninunue mpya, mngenitia hasara. Thamostati (kidhibiti joto cha banda) siiondoi: kauri inajilinda yenyewe, haijui vifaranga wanataka joto gani.